Unakula kwao?

 

Bado niko Uroa, wiki ya tatu sasa ya mafunzo kwa vitendo, na akina mama wa mwani. Maji yakipwa tunaingia na kamba na vijiti, yakijaa tunarudi. Kule chuoni Tunguu Ukristo ni mwepesi, wenzangu wapo. Huku nilipo karibu kila jirani ni Mwislamu, na hapa ndipo nimeona kwamba unafiki na woga ni mapacha.

Fungueni Wagalatia 2, kuanzia mstari wa 11. Petro yuko Antiokia, anakula na watu wa Mataifa bila shida. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, basi akaanza kujitenga kidogo kidogo. Hata Barnaba akafuata mkumbo, mpaka Paulo akamkabili Petro mbele ya wote. Jamani, Petro hakubadili imani! Moyoni alijua ukweli. Aliogopa watasemaje. Na ni yule yule aliyekataa kunyamaza mbele ya Baraza kule Yerusalemu. Kumbe woga ukiushinda leo, kesho unabisha hodi tena.

Sasa wapo wanaosema Mkristo akifuata mila za Unguja ni mnafiki. Mimi nakataa. Kutokula njiani mwezi wa Ramadhani, kujifunga kanga vizuri kijijini, hiyo ni heshima. Nafanya mchana kweupe na kila mtu anajua mimi ni nani. Unafiki ni kuulizwa jina ukataja jingine.

Lakini kuna unafiki wa pili, nao tunauficha kanisani. Jumapili iliyopita baada ya ibada Mkunazini, dada mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Yaani unakula kwao kabisa?" Wengine wakageuka kunitazama. Nikamjibu, "Nakula, dada, na pweza wao wa nazi ni mtamu." Kikapita kimya. Ni meza ile ile ya Antiokia! Ukila pilau Uroa kwa tabasamu, halafu mjini ukawasema wenyeji wako, umeshamfuata Petro.

Simcheki anayeogopa. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Beit el Ras, akienda kuongoza misa. Wanaokumbuka wana haki ya kukumbuka. Ila woga una kazi moja mbaya: unatufanya tuwe na maneno mawili, moja la huku na jingine la kule.

Dawa yake naiona ndogo tu. Sema jina lako. Usiseme kanisani neno ambalo huwezi kulisema barazani kwa jirani. Bibi ninayekaa kwake alikuwa wa kwanza kuniamsha Jumapili ile: "Mwanangu, si leo siku yenu ya kusali? Gari itakuacha hiyo!" Asingejua kuniamsha kama ningemficha dini yangu. Na ningekuwa na uso gani wa kurudi jioni kula kwake, kama pale Mkunazini ningemkana?