Daftari la safari

Desemba inakaribia na nyumbani kwangu kasheshe imeanza. Sio kasheshe ya kurushiana sahani, hapana. Ni ile ya watu wawili wamekaa kwenye mkeka sebuleni saa nne usiku, kalenda katikati, simu imefunguliwa sehemu ya kupigia hesabu, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kusema: mwaka huu tunakwenda wapi?

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni Mhaya wa Muleba. Shemeji yenu ni Mnyakyusa wa Kyela. Tulikutana Mlimani, kwenye foleni ya fotokopi siku chache kabla ya mtihani, tukaoana Juni 2022. Tunaishi Tabata, chumba na sebule, hatuna mtoto bado, na shamba pekee tulilo nalo ni mche wa mchicha ulioota wenyewe karibu na bomba la maji.

Sasa chukua ramani ya Tanzania. Weka kidole Muleba, huko juu kushoto, pembeni ya Ziwa Victoria. Weka kingine Kyela, chini kabisa, linapoanzia Ziwa Nyasa. Sisi tuko kulia, baharini. Kutoka hapa kwenda kwetu ni zaidi ya kilomita 1,300. Kwenda kwao ni zaidi ya 900. Ukitaka kupita kote kwa likizo moja, nusu ya likizo utaimalizia kwenye kiti cha basi, magoti yamekugusa kidevu.

Na likizo yenyewe ndiyo hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Kwenye chumba cha habari huzipati zote kwa mpigo, labda gazeti lisitoke. Mimi hupata wiki mbili za Desemba, nyingine nazichukua vipande vipande, siku mbili huku, tatu kule, mpaka hujui ulipumzika lini.

Basi, Desemba 2022 tukiwa maharusi wapya, hapakuwa na mjadala. Bibi harusi sharti apelekwe kwa wakwe. Tukatoka Mbezi alfajiri: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Wakati ule mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kukesha barabarani, kwa hiyo tulilala Kahama, ndani ya basi, mimi nimeegemea dirisha na shemeji yenu ameniegemea mimi. Asubuhi tukaendelea, Biharamulo hiyo, mpaka migomba ikaanza. Mhaya akiiona migomba inaanza, mgongo unaacha kuuma. Nikamgeukia mwenzangu nimwambie "tumefika", nikakuta miguu yake imevimba, viatu haviingii.

Watu huniuliza kwa nini tusipande meli Mwanza, tukapumzika usiku mmoja kitandani. Jibu liko kwa baba. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikawazamisha mamia ya watu, na Kagera ni vigumu kupata kijiji ambacho hakikuomboleza. Baba alipoteza rafiki yake. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimekua nikijua kwamba nyumbani kwetu mtu husafiri kwa barabara, hata kama ni siku mbili. Tumeshazoea, hatubishani naye.

Ile safari ya kwanza kulikuwa na kituko ambacho leo tunakicheka. Kwetu mkwe anapiga magoti mbele ya baba mkwe, anamsalimia, anamtengea chakula. Kwao Unyakyusa, kwa mila za wazee, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe kabisa. Akimwona anakuja njiani, anapinda kona. Huo ndio ulikuwa utii aliofundishwa na bibi yake. Kwa hiyo baba akiingia sebuleni, shemeji yenu anatokea mlango wa jikoni. Siku ya tatu baba akaniita pembeni: "Mwanangu, mke wako ananichukia au anaringa?" Nilichukua saa nzima kumweleza. Siku iliyofuata mwenzangu akapiga magoti, macho ameyafumba kama anayemeza kwinini, akamsalimia. Baba akaondoka kwenda migombani kwa furaha, akarudi na mkungu wa ndizi mzima.

Desemba 2023 tukaenda tena Muleba. Mabasi yalikuwa yamesharuhusiwa kusafiri usiku tangu Oktoba mwaka ule, tukapita Kahama gizani bila kuiona. Desemba 2024 tukaenda tena Muleba. Safari hiyo tukapanda treni ya umeme hadi Dodoma, ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze, tukajisikia tuko Ulaya, halafu tukashuka tukapanda basi tukarudi Bongo. Senene tulikula mpaka basi. Kila mwaka nilikuwa na sababu nzuri: baba anazeeka, mama anaumwa miguu, mdogo wangu anatolewa mahari. Na shemeji yenu kila mwaka alisema, "Sawa, twende."

Mimi nikaamini kuwa sawa yake ni sawa.

Sasa nije kwenye daftari. Mwenzangu ni mhasibu, na mhasibu hata nyumbani haachi uhasibu. Ana daftari la kurasa 96 lenye jalada la bluu, anaandika kila safari yetu: nauli, chakula cha njiani, sukari ya kupeleka, sabuni, kitenge cha mama, vijisenti vya watoto wa majirani, "dharura". Wiki iliyopita, usiku ule wa mkeka, akaniambia nisome nyuma ili tujue mwaka huu tukusanye kiasi gani. Nikasoma kwa sauti.

"Muleba 2022, watu wawili, 1,140,000. Muleba 2023, watu wawili, 1,385,000. Muleba 2024, watu wawili, 1,610,000."

Kati ya 2023 na 2024 kulikuwa na mstari mwingine, mfupi, nikausoma kwa mazoea tu kabla akili haijafika:

"Kyela, Februari 2024. Msiba. Mtu mmoja. 168,000."

Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza. Nje jirani alikuwa anapasha daladala yake moto, ikawa ndiyo sauti pekee.

Bibi yake ndiye aliyemlea. Mama yake alikuwa anafanya biashara ya mchele Mbeya, kwa hiyo shule ya msingi yote aliisomea mgongoni mwa bibi, kama anavyosema mwenyewe. Bibi alipofariki ile Februari, mimi nilikuwa nimetoka likizo mwezi mmoja tu uliopita. Nikamwambia mwenzangu kazini hawataniruhusu. Na wala sikudanganya sana: ile sheria niliyoitaja inatoa siku nne kwa msiba, lakini inataja mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Wako mwenyewe. Bibi wa mkeo hayumo.

Nilijificha nyuma ya kifungu hicho. Ukweli ni kwamba sikuomba. Kulikuwa na habari niliyokuwa naifuatilia, ukurasa wa kwanza ulikuwa unaninukia, na nikajiambia mhariri atakataa, bora nisimsumbue. Nikampeleka mwenzangu stendi saa kumi na moja alfajiri, nikamnunulia maji na biskuti, nikarudi kazini nikiwa najiona mume mwema kabisa. Habari ile yenyewe ikaenda ukurasa wa tano, chini, karibu na tangazo la godoro.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Nimemuuliza waziri swali akatoka jasho. Lakini mke wangu aliporudi kutoka kuzika, nilimuuliza moja tu: "Ulisafiri salama?" Usiku ule wa mkeka ndio nikauliza la pili, mwaka mzima na zaidi umepita. Kulikuwaje?

Akaniambia. Kwa Wanyakyusa msiba ni wa ukoo mzima, watu wanajaa uani siku kadhaa, na mkwe anatazamiwa. Kila aliyekuja kumpa pole alimuuliza mume yuko wapi. Mara ya kwanza alijibu yuko kazini. Mara ya pili, yuko njiani. Mwishowe mama yake mdogo ndiye aliyekuwa anajibu kwa niaba yake, anasema mkwe anaumwa. "Nilikuzika na wewe kidogo," akasema, halafu akacheka, ile cheka ya mtu asiyetaka ulie.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Niliandika."

Duh.

Basi, mpango wa Desemba hii umebadilika. Tunakwenda Kyela. Nikiwa na hamu ya kurekebisha mambo nikaanza kupanga kwa mbwembwe: tutakwenda Matema kwanza, siku tatu, tukae mchangani ziwa likiwa mbele na milima ya Livingstone pembeni, tule samaki mbasa, tuvuke kwa mtumbwi hadi Ikombe tukaone vyungu vya Wakisi. Nimeshasoma yote. Akanitazama tu.

"Kwanza kaburini. Ziwa halihami."

Kwa hiyo ratiba ni hii. Tunatoka Mbezi alfajiri, kwa sababu anataka nipite Mikumi na Kitonga kukiwa na mwanga, nione njia aliyopita peke yake. Tunapita Mafinga, Makambako, tunalala Mbeya kwa mama yake. Kesho yake tunapinda Uyole, tunaupanda upande wa Tukuyu, ambako amenionya nibebe sweta na mwavuli, halafu tunateremka Kyela, ambako amenionya nivue hilo sweta. Siku tano nyumbani kwa bibi. Kulima kidogo, kwa sababu mvua itakuwa imeshashika na mkwe anayekaa kivulini huwa anasemwa. Ndipo Matema, siku mbili badala ya tatu. Bajeti imeandikwa kwenye daftari, watu wawili, na mstari wa "dharura" nimeuongeza mimi.

Kilichobaki kilikuwa simu ya Muleba. Hii niliiogopa kuliko mahojiano yoyote. Nikaizungusha siku nne. Jumapili nikapiga, nikamsalimia baba, nikauliza hali ya kahawa, nikauliza migomba, nikamuuliza mpaka ng'ombe wa jirani. Mwisho nikasema: baba, mwaka huu hatutakuja, tunakwenda Kyela. Nikamweleza na habari ya msiba ule.

Akakaa kimya mpaka nikaangalia simu kama salio limekata.

"Alimzika bibi yake akiwa na nani?"

Nikasema peke yake.

"Na mimi nilikuwa wapi nisiambiwe?"

Sikuwa na jibu. Akasema twende, na atatuma kahawa ya kutafuna kwa basi, tuipeleke. Kwetu mgeni hapokelewi bila punje za kahawa, na huwezi kuingia kwenye nyumba ya watu uliochelewa kuwapa pole ukiwa mikono mitupu. Mama yeye hajaridhika. Alichukua simu, akaniambia hivi miguu yake itasubiri mpaka lini, akamrudishia baba. Nalo hilo ni la kweli. Ukiwa na makwao mawili na wiki mbili, kila Desemba kuna mtu anatazama barabara na hakuna anayekuja. Nilichojifunza ni kuwa yule mtu asiwe mmoja tu kila mwaka.

Kahawa imefika juzi, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba, iko juu ya kabati pembeni ya lile daftari la bluu. Nauli tumeshalipa. Siku kumi na nne nimeshaziomba kwa maandishi na mhariri ameshaweka sahihi.

Nawe unayepanga safari ya mwisho wa mwaka na mwenzio, kabla hujakata tiketi, hebu hesabuni: Desemba tatu zilizopita mlikwenda kwa nani? Na siku ile mmoja wenu alipokwenda peke yake, ulimuuliza kulikuwaje?