Chombo Changu cha Kusikia Tetemeko

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini nimekaa muhula mzima na kidude kidogo juu ya sakafu ya maabara yetu hapa Ruharo, nisitake mtu apite karibu nacho. Leo nitawaeleza, ingawa habari yenyewe yanitia haya kidogo.

Mimi nilizaliwa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka, na kwa siku nyingi baadaye nchi ilikuwa ikitetemeka mchana na usiku. Tulikimbilia Sake kwa miguu, mama yangu akiwa na mtoto mgongoni. Mwaka wa pili yake vita vikatuleta Uganda, nasi sasa tunakaa Nakivale. Lakini hofu ya mama haikubaki Goma. Kikombe kikilia mezani, yeye yuko mlangoni.

Wala hofu hiyo si ya bure. Sisi sote wa magharibi ya Uganda twakaa karibu na Bonde la Ufa. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya 100. Tarehe 10 Septemba 2016 likaja la Bukoba, lenye ukubwa wa 5.9, ambalo lilisikika mpaka huku kwetu.

Basi nikaazimia kumtengenezea mama chombo cha kumwambia kama nchi inatetemeka kweli. Nikauza sungura wangu wawili, nikanunua akselerometa, yaani kidude cha kupima mchapuko, cha namna iitwayo MPU-6050. Nilichagua hicho kwa sababu mbili: bei yake ilikuwa ndogo, na karatasi yake ilisema kwamba chaweza kugawanya mvutano wa dunia katika sehemu 16,384. Nikajiona mtaalamu! Likizo ilipofika nikakifunga ukutani, nikaunganisha kengele na betri ya sola.

Usiku wa kwanza kengele ililia mara tatu. Usiku wa pili lori la maji lilipita, kengele ikalia tena, na mvua ilikuwa ikinyesha sana. Mama akamnyakua mtoto akatoka mbio, akateleza matopeni, akaumia mkono. Nilipomwinua aliniambia kwa sauti ya pole, "Mwanangu, mlima ulinifukuza mara moja. Wewe wanifukuza kila usiku." Nilikata waya ya kengele usiku ule ule.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa fizikia. Hakunicheka. Alisema, "Kabla ya kukisikiliza kidude kikisema habari za nchi, kisikilize kwanza kikiwa peke yake." Nikakiweka juu ya sakafu ya saruji usiku kucha, watu wote wamelala, nikaandika vipimo vyake. Kumbe kilikuwa kikipiga kelele chenyewe, pasipo kutikiswa na mtu!

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba udogo wa hatua si utulivu wa chombo. Mwanadamu huanza kusikia mtikisiko ufikapo kama sehemu moja ya elfu ya mvutano wa dunia. Kelele ya kidude changu, ukisoma mitetemo hadi 50 kwa sekunde, yafika karibu sehemu tatu za elfu. Yaani mama yangu alikuwa chombo bora kuliko changu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Namna nyingine, ADXL345, haikunifaa pia, kwani hatua yake moja tu ni karibu sehemu nne za elfu. Lakini ipo ADXL355, ambayo kelele yake ni ndogo kama mara 16 kuliko ya kile nilichonunua. Bei yake ni kubwa, basi chama chetu cha sayansi kikachanga, tukanunua kimoja cha shirika.

Tulifikiri pia juu ya jiofoni, ambayo ni sumaku na koili ya waya iliyotundikwa kwa springi. Hiyo husikia vizuri mitetemo midogo sana, lakini tetemeko kubwa la karibu huizidi nguvu, na maandishi yake hukatika. Mwenye kutaka kusikia madogo na achukue jiofoni. Mwenye kutaka kupima kishindo kikubwa cha karibu na achukue akselerometa iliyo tulivu. Kwa matetemeko ya mbali, kama ya Japani, hapa Mbarara kipo kituo cha kimataifa kiitwacho MBAR, nasi hatushindani nacho.

Likizo ya pili sikufunga chombo ukutani, kwa kuwa ukuta hutikiswa na mlango na upepo. Nilichimba shimo, nikamwaga saruji, nikakikaza juu yake kwa skrubu. Kengele sikuweka. Chombo huandika kimya kimya, na anayetaka habari huisoma.

Usiku mmoja mama aliniamsha. "Baba, kumetikisika." Nikawasha taa, nikatazama maandishi. Mstari ulikuwa umepanda kidogo kidogo, ukashuka kidogo kidogo, kama gari linalokuja na kwenda zake. Nikamwambia, "Ni lori, mama." Akatazama mstari ule kwa muda mrefu, kisha akarudi kulala. Mimi sikulala upesi, kwa furaha.

Wenzangu, chombo changu hakiwezi kutabiri tetemeko, wala hakuna mtu duniani awezaye kutaja siku yake. Kwa hiyo twaacha njia ya mlangoni wazi kila usiku, na vitu vizito tumeviweka chini. Nanyi mkitaka kununua chombo, msikisifu kabla hamjakisikiliza usiku mmoja. Mimi funzo hilo nililipata, lakini mama ndiye aliyelilipia kwa mkono wake.