JENGO LINAUZWA: TUKETI NA YEREMIA KABLA YA KUFUNGUA KIBETI

 

Najua habari imeshawafikia. Jengo tunaloabudia, lile la mawe pale barabara ya soko, maduka chini na sisi juu, linauzwa. Mzee mwenye nyumba alitutoka mwaka jana. Watoto wake sita wamekaa chini, wamekubaliana kuuza, na kwa heshima wakatuambia sisi kwanza kabla ya kumwita dalali. Wametupa hadi mwisho wa mwezi ujao tuseme ndiyo au hapana.

Tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Kuna wanaosema, "Mchungaji, huu ni mlango ambao Bwana amefungua, tununue kwa imani, mambo mengine tutayaona mbele." Kuna wanaosema, "Pasta, jengo lile ni kuukuu, mabati yanavuja, ngazi inalia mtu akipanda, afadhali tutafute ploti karibu na lami tujenge letu." Wote wananiandikia kwa upendo, na wote wananiuliza Bwana amesema nini. Leo nataka niwajibu taratibu. Kaa nami hadi mwisho, mpendwa, usisome nusu ukakimbilia kundi la WhatsApp.

Agosti mwaka jana nilipokuwa Marekani na ndugu zetu Wakenya wanaoishi Aurora, Colorado, walinipandisha mlimani Jumamosi moja. Mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Denver hadi mji mdogo unaoitwa Leadville. Uko mita 3,094 juu ya usawa wa bahari. Ninyi mnaojivunia Iten kwa wakimbiaji, Iten ni kama mita 2,400. Nilishuka kwenye gari nikatembea hatua ishirini, nikatafuta mahali pa kukaa. Mbele yako unauona Mlima Elbert, mrefu kuliko yote katika jimbo hilo, na mtaa mkuu, Harrison Avenue, una majengo ya matofali ya zamani yamesimama bega kwa bega kama wazee barazani.

Wakanisimamisha mbele ya jengo moja. Tabor Opera House. Chini ni nafasi za maduka, juu ni ukumbi wa watu kukusanyika. Nikacheka peke yangu. Nikasema, hawa wamejenga kama kwetu.

Historia ya jengo hilo inahubiri. Horace Tabor na mkewe Augusta walifika Colorado mwaka 1859, wakati watu wanakimbilia dhahabu. Miaka karibu ishirini hawakuwa matajiri. Walikuwa na duka. Mama Augusta alipika, akaoka mikate, akawalisha wachimbaji. Mwaka 1878 mafundi viatu wawili Wajerumani waliokuwa wakitafuta madini waliingia dukani bila pesa, Tabor akawapa chakula na vifaa kwa mapatano kwamba wakipata kitu, theluthi moja ni yake. Wakapata fedha, ile ya madini. Duka la mikate likazaa utajiri ambao watu hawajawahi kuuona.

Mwaka 1879 akajenga jengo lile kwa siku 100. Reli ilikuwa bado haijafika Leadville, ilifika mwaka 1880, kwa hiyo mizigo ilipandishwa mlima kwa magari ya kukokotwa na wanyama. Novemba 20, 1879 milango ikafunguliwa. Duka la nguo za wanaume chini, duka la dawa chini, ukumbi juu. Mwandishi Oscar Wilde alisimama pale akahutubia wachimbaji mwaka 1882. Tabor akawa naibu gavana, na mwaka 1883 akakaa Seneti ya Marekani kwa muda wa kama mwezi mmoja. Mwaka huohuo akamwacha Augusta, aliyekuwa akimwonya juu ya matumizi, akamwoa mwanamke mwingine kwa harusi ya kifahari.

Sasa sikiliza. Katika lugha yetu neno ni moja tu: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Leadville ilijifunza mwaka 1893 kwamba hivyo ni vitu viwili. Serikali ya Marekani ilipoacha kununua madini ya fedha kama ilivyokuwa imezoea, bei ikaanguka, na Tabor akaanguka nayo. Alipoteza karibu kila kitu, na jengo lile pia. Mwaka 1898 rafiki zake walimtafutia kazi ya kusimamia posta mjini Denver. Mwaka 1899 akafa. Mke wa pili aliishi miaka mingi katika kibanda kando ya mgodi wa Matchless, na mwaka 1935 alikutwa amekufa humo wakati wa baridi kali. Augusta, yule wa mikate, alikuwa ametunza sehemu yake vizuri. Alikufa mwaka 1895 akiwa tajiri.

Na jengo je? Jengo halikumfuata Tabor kaburini. Mwaka 1901 chama cha Elks kililinunua kikalitumia kwa miaka mingi. Mwaka 1955 lilipouzwa tena, aliyelichukua hakuwa mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa mama aliyestaafu ualimu, Florence Hollister, na baada yake binti yake Evelyn Furman. Familia hiyo ililishikilia kama miaka 60. Katika miaka hiyo mji uliumia. Mapema miaka ya 1980 mgodi mkubwa wa Climax ulipunguza watu, wafanyakazi kwa maelfu wakakosa kazi. Mji uliokuwa na karibu watu 15,000 mwaka 1880 leo hawafiki elfu 3. Lakini milango ya ukumbi ilikuwa na mtu wa kuifungua.

Kisha familia nayo ikachoka, kama familia zinavyochoka, jengo likawekwa sokoni. Mwaka 2016 manispaa ya mji ikalinunua kwa dola 600,000, kwa ruzuku na michango. Ukarabati umekuwa ukifanywa kidogo kidogo, awamu kwa awamu, kadiri pesa zinavyopatikana.

Nimewasimulia haya yote kwa sababu ya kitu kimoja. Aliyelijenga jengo hilo kwa siku 100 alilishika kwa miaka 14 hivi. Mwalimu mstaafu na binti yake, familia yao, walilishika miaka 60. Watu wa Mungu, kununua ni tukio la asubuhi moja. Kutunza ni wito. Ukiniuliza kama tunaweza kununua, nitakujibu tutahesabu. Mimi swali langu ni hili: nani kati yetu ataziba bati mwaka 2040?

Sasa tufungue Yeremia 32. Soma sura yote nyumbani, mimi nitaeleza kwa maneno yangu.

Yerusalemu imezingirwa na Wababeli. Yeremia mwenyewe ni mfungwa katika ua wa walinzi. Halafu binamu yake Hanameli anakuja na habari za shamba kule Anathothi: linunue, haki ya kukomboa ni yako. Hebu fikiria! Adui yuko mlangoni, na mtu anauziwa ploti. Wakala yeyote wa nyumba angekuambia hapo hakuna soko. Yeremia ananunua, shekeli 17 za fedha.

Wahubiri wengi tunaishia hapo, tunasema "Imani!" na kikapu kinapita. Leo tusiishie hapo. Tazama Yeremia alivyonunua.

Kwanza, alingoja apate uhakika. Neno lilimjia kabla binamu hajafika, na binamu alipofika kweli, ndipo akajua kwamba ni Bwana. Hakufanya hamu yake kuwa unabii. Kwa hiyo usiniandikie "Bwana ameniambia tununue" ikiwa ni moyo wako unapenda lile dirisha la mbele. Hata mimi nalipenda. Kupenda si dhambi, ila tusimbebeshe Mungu.

Pili, alipima fedha katika mizani mbele ya mashahidi, akaandika hati, akatia muhuri. Nabii! Mtu aliyesikia sauti ya Mungu waziwazi hakusema "sisi ni ndugu, tuaminiane." Na sisi hatutatoa hata shilingi moja ya arbuni kabla ya mambo haya: wakili wetu kupekua hati katika ofisi ya ardhi aone jina lililomo na kama kuna benki inayodai, kaunti kuthibitisha hakuna deni la kodi ya ardhi, na watoto wa marehemu kutuonyesha kwamba mahakama imethibitisha warithi. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, nyumba ya marehemu haiuzwi kabla ya uthibitisho huo. Mtoto mmoja asiyeridhika anaweza kutupeleka mahakamani miaka kumi. Tena tukumbuke ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, juu ya bei. Fundi na mhandisi wapande darini, wateremke msingi, waandike ripoti. Yesu mwenyewe alifundisha juu ya mtu anayeketi kwanza ahesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuhesabu si kukosa imani.

Tatu, hati iliwekwa katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Yeremia alijua huenda yeye mwenyewe asiyalime mashamba hayo. Alinunua kwa ajili ya watu ambao hawajarudi bado kutoka utumwani. Hiyo ndiyo tofauti ya Yeremia na Tabor. Mmoja alijenga jina lake likae juu ya mlango. Mwingine alihifadhi karatasi kwa ajili ya watu ambao hatawaona.

Na nne, hili ndilo lililonishika usiku. Baada ya kumaliza kila kitu, baada ya hati kukabidhiwa Baruku, Yeremia anaingia katika maombi, na maombi yake yana swali ndani. Kwa maneno yangu anasema: Bwana, wewe ni mkuu, hakuna la kukushinda, lakini mji unaangukia mikononi mwa Wakaldayo, nawe umeniambia nikanunue shamba? Ametii, ameshalipa, na bado anauliza. Mungu hakumkemea. Alimjibu. Mpendwa unayeona haya kwa sababu una wasiwasi juu ya jambo hili, hujapungukiwa na imani. Lete swali lako mbele za Bwana, na ulilete kwenye mkutano.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeniandikia, na limeniuma. Nimepokea ujumbe kuhusu viti, spika, maegesho, rangi ya ukuta. Hakuna aliyeniuliza juu ya walio chini yetu. Yuko fundi cherehani aliyeshona sare za kwaya. Yuko baba wa nafaka, na kijana wa M-Pesa. Yuko mama wa chai pale barazani, ambaye amewapa wengi wenu chai ya mkopo Jumapili mkiwa na watoto wenye njaa. Jengo likiuzwa kwa mtu wa kubomoa, hao wanatoka. Lakini jengo likinunuliwa na sisi, halafu tukapandisha kodi ili tulipe haraka, wanatoka vilevile. Tofauti itakuwa nini? Kwamba aliyewatoa alisema haleluya kwanza?

Kwa hiyo nimewaambia wazee wa kanisa, na sasa nawaambia ninyi hadharani: hesabu yoyote ya kununua inayowafukuza wapangaji wa chini, mimi sitaipigia kura. Kama jengo haliwezi kulipika bila kumnyang'anya mama wa chai baraza lake, basi si letu, na Bwana ana mahali pengine.

Jumapili baada ya ibada ya pili tutabaki wote, vijana pia, maana ninyi ndio mtakaoziba mabati. Wapangaji wa chini wamealikwa, na watasema kabla yangu. Mweka hazina atasoma kiasi kilichomo kwenye akaunti ya ujenzi, shilingi kwa shilingi.

Na hadi tutakapoelewana, mtu yeyote asikope kwenye simu ili atoe ahadi. Usiuze ng'ombe wa maziwa ili jina lako lisomwe. Baba, usiguse karo ya mtoto. Kama kuna mtu anapita akichangisha kwa jina la jengo, huyo hajatumwa na kanisa. Nimesema.

Tukinunua, tutanunua kama Yeremia, kwa mizani na mashahidi. Tusiponunua, tutashuka ile ngazi kwa shukrani, maana wako walioingia pale wakiwa wamefungwa na wakatoka huru, na hilo halimo katika hati yoyote.

Tuombe. Baba, tupe hekima kuliko haraka. Linda familia ya marehemu isigawanyike kwa sababu ya pesa. Walinde walio chini yetu, uwape riziki. Utuonyeshe njia, na utupe moyo wa kutunza kile utakachotukabidhi. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama umesoma hadi hapa, usiandike Amina peke yake. Andika swali moja utakalolileta Jumapili.

Mchungaji wenu.