Paka Hatolewi Bure

Katika vitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, kilio na majina ya watoto. Mimi leo nataka kusema juu ya desturi ndogo ambayo watu wengi wanaicheka: namna ya kupokea mutoto wa paka nyumbani. Niliicheka mimi pia, mpaka siku ilipotaka kuniharibia nyumba.

Ilikuwa mwaka 2016, hapa Bukavu, kule Kadutu ambako nyumba zimebanana kwenye mulima hata mutu anasikia jirani yake akikohoa. Panya walikuwa wametushinda. Walitoboa mufuko wa maharagwe, wakala sabuni, na mwishoni wakakata karatasi za mitihani ya wanafunzi wangu. Wazee walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Nilitaka kununua sumu sokoni, lakini mama yangu, aliyekuwa anakaa kwetu, akakataa. «Sumu haichague», akasema. Na ni kweli: panya aliyekula sumu anakufa pole pole, na paka wa jirani akimukula naye anaweza kufa.

Muke mumoja wa avenyu yetu alikuwa na paka aliyezaa. Nilifikiri nitamwomba mutoto mumoja na kusema asante. Mama akanizuia tena: «Paka ya bure haikae ku nyumba ya mutu. Unapashwa kutoa kitu.» Akapima kopo moja ya chumvi, akanituma nayo. Pia akaniambia nisichukue paka kama bado ananyonya tu. Tukangoja wiki mbili zaidi. Baadaye nilielewa hekima yake: mutoto wa paka anahitaji kukaa na mama yake karibu wiki 8. Kule ndiko anajifunza kula, kujilamba, na kucheza bila kuuma sana. Na mutu aliyelipa chumvi hatatupa paka ovyo, sababu kitu ulicholipia unakihesabu.

Tulimuleta ndani ya kikapu kilichofunikwa na kitenge, asione njia ya kurudi. Alikuwa jike, mweusi mwili muzima. Mama akamupaka mafuta ya mawese kidogo kwenye miguu, akamufungia jikoni siku tatu. Paka akakaa kujilamba mafuta, akasahau kulia. Binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka 9, akamupa jina: Kasambaza.

Vitu alivyohitaji havikuwa vingi. Kwanza, kartoni yenye kipande cha kitambaa cha zamani, mbali na upepo. Pili, sahani mbili: moja ya maji, moja ya chakula. Maziwa ya ngombe tuliyaacha, maana yanaharisha paka wengi. Tulimupa sambaza waliochemshwa bila chumvi wala pilipili. Hapa niseme kitu kimoja: wazee wa zamani sana hawakulisha paka sambaza, maana samaki hao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hivyo hata desturi inajifunza kula chakula kipya. Tatu, kibeseni cha muchanga mukavu kwa haja yake. Mama alikuwa anataka majivu, na hapo mimi ndimi niliyemufundisha: majivu yakilowana yanachoma ngozi. Akakubali.

Kuhusu usafi, tulikosea mara moja. Siku ya posho, binti yangu alimuosha Kasambaza kwa maji baridi na sabuni ya unga. Paka akaanza kutetemeka, macho yakafunga. Mama akamukausha na kitambaa, akamukumbatia karibu na mbabula mpaka akapata joto. «Mujukulu wangu,» akasema, «paka anajisafishaka yeye mwenyewe. Weye umusaidie tu.» Tangu siku hiyo tulimupangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu pale tu alipojichafua, na kumuchana kwa buroshi ya meno ya zamani. Viroboto tuliviondoa kwa kichanuo chembamba, tukavizamisha ndani ya maji ya sabuni. Jirani alitushauri kumupaka petroli. Mama akasema hapana, atajilamba na kufa. Alisema kweli. Hata dawa ya viroboto ya mbwa inaweza kuua paka. Ndevu zake pia hatukuzikata kama tulivyokuwa tunafanya tukiwa vijana, maana ndizo zinazomusaidia kujua njia gizani. Alipofikisha miezi mitatu nilimupeleka kwa munganga wa nyama kuchanjwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia anaweza kuuleta. Mutu akiumwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende haraka kutafuta chanjo, sababu ugonjwa ukishaonekana karibu haiko dawa.

Panya walianza kukimbia. Lakini maneno yakaanza kuja.

Mwezi ule mutoto muchanga wa jirani alikufa kwa homa. Wakati wa kilio mutu mumoja alisema kwamba kuna paka mweusi anayepita juu ya mabati usiku, na kuna mutoto anayeongea naye. Hakutaja jina. Hakukuwa haja. Juma lililofuata watu wa chumba cha maombi wakaja kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba ingefaa binti yangu apelekwe kuombewa, akae kule siku kadhaa bila kula.

Hapa naandika kitu ambacho kinanipa haya. Mimi ninafundisha biolojia. Najua rangi ya paka inatoka wapi. Lakini niliogopa watu. Usiku nilimutia Kasambaza ndani ya mufuko ili nikamutupe mbali, nikifikiri nikiondoa paka nitaondoa maneno. Mulangoni nikamukuta binti yangu amesimama. Hakulia. Aliniuliza tu: «Papa, na miye utaniweka mu mufuko?»

Nilifungua mufuko.

Kesho yake tulikwenda, mama na mimi, kwa shefu wa avenyu, tukaita na wale watu. Niliwasomea kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006, kinachokataza kumushitaki mutoto uchawi. Walisikiliza, lakini niliona wazi kwamba karatasi haikuwagusa sana. Ndipo mama akasema: «Huyu paka nilimulipia chumvi mbele ya mwenye kumuzaa. Mulozi hanunue kitu mbele ya watu, mchana.» Wazee wawili wakatikisa kichwa, wakakubali. Binti yangu hakupelekwa popote.

Sisemi kwamba maneno yaliisha. Wengine waliendelea kuvuka barabara wakimuona mutoto wangu. Lakini mwaka uliofuata Kasambaza alizaa watoto wanne, na mutu wa kwanza kuja kuomba mumoja alikuwa mama yule aliyefiwa. Panya walikuwa wanamusumbua. Mama yangu hakumukumbusha kitu. Alimukaribisha, akamupa kiti, akamuambia angoje watoto wafikishe wiki 8.

Siku ilipofika, yule mama alikuja na kikapu, kitenge, na kopo ya chumvi. Binti yangu ndiye aliyepokea chumvi.

Wasomaji, sitaki kusema kwamba kila kitu cha wazee ni kizuri. Majivu tuliyaacha, mukasi wa ndevu pia, na neno la uchawi tulipashwa kuliacha zamani. Lakini ile kopo ya chumvi, mimi nitaishika.