Nyamache: Geuza wigi ndani nje kabla hujalipa

Ukiabiri matatu mjini Kisii kuelekea Nyamache, msomaji mpenzi, omba kiti cha dirishani. Gari litapanda na kushuka vilima vya Bobasi, na kila upande utaona migomba, mahindi na mashamba ya majani chai yaliyochumwa yakalingana juu mithili ya zulia. Ukifika asubuhi, wenyeji watakuamkua "Bwakire". Beba sweta na mwavuli, kwani huku ni nyanda za juu. Asubuhi kuna baridi, na alasiri mvua hunyesha bila kubisha hodi.

Wengi wanaoijua Nyamache kwa mbali huijua kwa kiwanda chake cha chai. Leo sikupeleki huko. Nakupeleka sokoni, kwenye vibanda na saluni za mabati ambako wigi zimetundikwa misumarini. Hapa ndipo msichana aliyemaliza shule hununua wigi yake ya kwanza, na hapa ndipo akiba ya miezi kadhaa inaweza kupotea kwa dakika kumi.

Mfikirie binti huyo. Miaka minne ya sekondari amekuwa akinyoa, maana shule nyingi hazitaki mchezo na nywele. Sasa barua ya chuo imefika, naye nywele zake ni fupi mno, hata msusi hana pa kushika. Anaingia kibandani, anapapasa nywele ndefu zinazometameta, anajitazama kiooni na kulipa. Hajaangalia kile kitakachokaa juu ya kichwa chake mchana kutwa, yaani kofia ambamo nywele hizo zimeshonewa. Nywele za wigi hutazamwa na watu wengine, lakini kofia huijua yeye aliyeivaa.

Basi geuza wigi ndani nje. Mwenye duka akikunja uso, mwache akunje.

Aghalabu utakayoiona kwanza ni kofia ya mistari: mikanda ya mpira iliyoshonewa safu za nywele kwa mashine, na kati ya safu hizo pana nafasi wazi. Watu huidharau kwa kuwa ni ya bei nafuu. Lakini nafasi hizo hupitisha hewa, kofia yenyewe ni nyepesi, na huko nyuma ya shingo ina vikanda vyenye ndoano za kukazia au kulegezea. Haihitaji gundi. Kwa msichana atakayepanda bodaboda, ashuke akiwa na jasho, kisha anyeshewe kabla hajafika lango la nyumbani, mimi siioni inayoishinda. Ubaya wake ni kwamba huwezi kupasua njia ya nywele popote upendapo, maana mikanda itaonekana.

Kando yake kuna ile yenye utepe mpana wa kitambaa kwenye paji la uso. Utepe huo huficha mpaka wa wigi, na vitana vidogo vya ndani hushika nywele zako. Huvaliwa upesi na kuvuliwa upesi. Ila vitana vyahitaji nywele za kushika. Aliyenyoa kipara asitegemee.

Sasa tuje kwa ile ambayo vipusa wote wanaiota: kofia yenye lesi mbele. Lesi hii ni kitambaa chembamba kama utando wa buibui, na nywele zimefungwa juu yake moja moja kwa mkono, hata mtu akikukaribia adhani zinaota kwenye ngozi yako. Ukisikia muuzaji akisema "kumi na tatu kwa nne", anataja ukubwa wa lesi kwa inchi: inatoka sikio hadi sikio, na kurudi nyuma inchi nne. "Nne kwa nne" ni kipande kidogo tu cha mraba, pa kupasulia njia. Iko pia ya lesi kichwa kizima, ambayo unaweza hata kuifunga nywele juu, lakini ni ghali na hupasuka ukiivuta kwa pupa.

Lesi ni nzuri, sikatai. Shida ni gundi. Wengi huibandika kwenye ukingo wa nywele, na kila wanapoibandua huondoka na vinywele vya mbele. Nywele zikivutwa hivyo mara kwa mara, ukingo hurudi nyuma, na mvuto ukiendelea kwa muda mrefu mizizi hufa kabisa. Ndipo unapomwona mama wa makamo mwenye paji la uso lililofika utosini, naye anazidi kununua wigi ili afiche kilicholetwa na wigi. Ukiwa lazima utumie gundi, ijaribu kwanza nyuma ya sikio, ungoje siku moja au mbili uone kama ngozi itawasha.

Kuna mnunuzi mwingine ambaye matangazo ya urembo humsahau. Ni yule anayetibiwa saratani. Kwa baadhi ya dawa za ugonjwa huo nywele huanza kung'oka wiki mbili au tatu baada ya tiba kuanza, na ngozi ya kichwa hubaki laini na yenye kuuma. Huyu kofia ya mistari itamkwaruza. Amfaaye ni ile iliyofungwa kwa mkono kote, au yenye wavu mwororo wa monofilamenti juu. Ikikosekana sokoni, jamaa aliye Kisii au Nairobi aagizwe, na mapema, kabla nywele hazijaisha, ili rangi ilinganishwe. Lakini achague yenye vikanda vya kukazia, kwani kichwa kisicho na nywele hupungua kipimo.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Nenda kwa fundi cherehani, umwombe utepe wake. Auzungushe kutoka mwanzo wa nywele juu ya paji, apitishe nyuma ya masikio hadi kisogoni, kisha arudi mbele. Wigi nyingi za madukani hushonwa kwa kichwa cha inchi 22 hivi. Ukizidi 23 itakubana mpaka uumwe na kichwa. Ukiwa chini ya 21, upepo wa vilimani utakuaibisha.

Tena huna haja ya kununua iliyokwisha kushonwa. Wasusi wengi wa Kenya hununua kofia ya wavu, wakaivika kwenye kichwa cha sanamu, wakashonea safu za nywele kwa sindano iliyopinda. Ukimpata msusi hodari, atakushonea kwa kipimo chako, na mshono ukifumuka unajua pa kurudi.

Wazee wakinung'unika, usishangae; ugomvi huu ni wa zamani. Nchini Tanzania Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga wigi marufuku pamoja na sketi fupi katika Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969. Mwaka wa 2019 serikali ya nchi hiyo ilirudi kwa mlango mwingine: ikatoza kodi ya asilimia 25 kwa wigi za kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini.

Ukishanunua, vaa kofia nyepesi ya soksi ndani yake ili inyonye jasho, na uivue wigi kila usiku. Ikilowa mvua, ioshe kwa maji ya vuguvugu, uiviringe kwenye taulo bila kuikamua, kisha uitandaze juu ya kibuyu au sufuria iliyopinduliwa. Na ikiwa ni ya nywele za plastiki, isikae jikoni karibu na moto wa kuni. Ukifunua sufuria ya ugali nayo ikiwa kichwani, mvuke mmoja tu watosha kuisokota nywele za mbele, na hapo hakuna msusi wa Nyamache wala wa Nairobi atakayezinyoosha.