Nyongeza

Mama yangu anauza nyanya Kariakoo, na hesabu niliijulia kwenye meza yake kabla ya darasani. Ukiwa na nyanya 36, unazipanga mafungu ya nne nne, ya sita sita au ya tisa tisa, na hakibaki kitu. Zikiwa 37, basi tena. Hiyo ni namba tasa: uuze moja moja, au mtu azibebe zote.

Tarehe 23 Agosti 2022, karani wa sensa alipiga hodi kwetu. Akauliza ni nani waliolala pale usiku wa kuamkia siku ile. Mama akawataja wote, kisha akaongeza kwa furaha: "Na mjukuu wangu, kazaliwa leo saa mbili asubuhi."

"Hongera sana, mama," karani akasema. "Ila huyo jana usiku alikuwa bado hajafika."

Kishikwambi hakikuguswa. Mama akanuna, na mimi pia iliniuma. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wao walifia njiani na majina yao hayakuandikwa popote. Kwetu sisi kuachwa nje ya daftari si jambo dogo.

Matokeo yalitangazwa 31 Oktoba 2022. Tanzania, watu 61,741,120. Dar es Salaam, 5,383,728. Usiku ule nikachukua karatasi. Tarakimu za Dar ukizijumlisha unapata 36, kwa hiyo namba inagawanyika kwa tisa. Kwa saba inagawanyika mara tatu mfululizo! Mwisho nikapata 16 × 9 × 343 × 109. Ina vigawo 120. Yaani kuna njia 120 za kulipanga jiji zima mafungu yaliyo sawa.

Wagiriki wa kale waliziita namba pungufu, timilifu au zenye ziada, kwa kujumlisha vigawo vyake bila yenyewe. Sita ni timilifu: 1 + 2 + 3. Vigawo vya Dar vinafika 12,348,272. Ziada hiyo, zaidi ya mara mbili!

Nikamwongeza mtoto wetu: 5,383,729. Jamani! Ni 13 × 43 × 9,631. Vigawo vinane tu, na jumla yake bila yenyewe 549,583. Kichanga kimoja kimeligeuza jiji kuwa namba pungufu. Nikajaribu mafungu ya mwanzo: ya mbili, ya tatu, ya saba, ya 109. Kila fungu linabakiza mmoja. Mmoja yule yule.

Nikamweleza mama, nikidhani nampa pole. Alikuwa akipanga nyanya za kesho. Akanitazama kama mtu aliyepoteza ada ya shule.

"Miaka yote hii mezani kwangu, hujui inayobaki inaitwaje?"

Nikanyamaza.

"Nyongeza, mwanangu. Ndiyo inayomrudisha mteja."

Mtoto akalia chumbani. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kumchukua.