Longisa: Sauti ya Mbali na Jua la Hapa



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Longisa hupita Nairobi, akateremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, kisha akashika barabara ya Narok na Ololulunga hadi Mulot, penye mto Amala. Avukapo mto huo huwa ameiaga nchi ya Wamasai na kuingia nchi ya Wakipsigis. Na mbele yake, kabla ya kufika mji wa Bomet, ndipo ilipo Longisa. Maji ya Amala hukutana na ya Nyangores, mto upitao Bomet, yakafanya mto mmoja uitwao Mara, nao huishia Ziwa Victoria. Sisi watu wa Pwani tumezoea mito ishukayo kwetu. Huko maji yameipa kisogo bahari yetu, na mtu hutambua kwamba kweli yu ugenini.

Ni nchi ya baridi na ya neema. Mashamba ya chai yaliyoipa sifa Kericho na Bomet hukaa jirani na mahindi na malisho ya ng'ombe, na mgeni hukaribishwa kwa maziwa ya mursik yaliyolazwa katika kibuyu. Ukisema "Chamgei" utaitikiwa kwa uso mkunjufu hata kama kanzu na buibui si mavazi ya huko. Waislamu si wengi, na wengi wao wamefikishwa na kazi: mwalimu, mfanyabiashara, muuguzi wa hospitali ya Longisa, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya kaunti ya Bomet.

Tulifika huko katika Ramadhani ya mwaka 1426, iliyoangukia Oktoba 2005, kumzuru binti wa jamaa zetu, muuguzi, aliyehamia Longisa mwaka ule pamoja na mumewe na watoto wao. Tulimchukulia zawadi iliyokuwa ikisifiwa sana siku zile: redio ndogo ya setilaiti, ya mfumo wa WorldSpace.

Kwa vijana wasioikuta, tueleze kidogo. WorldSpace ilianzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, kwa nia ya kuifikishia Afrika sauti safi mahali ambapo mawimbi ya kawaida hayafiki. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa Oktoba 1998, ikawekwa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, sawa na misitu ya Congo. Mwenye redio hulenga antena yake huko, naye akapata idhaa za mbali, BBC miongoni mwazo, bila mikwaruzo.

Garini chombo kile hakikuwa na raha. Kule Marekani, tangu mwaka 2001, kampuni ya XM ilikuwa na redio za setilaiti za garini, nayo ilijenga minara mijini ili sauti isikatike penye majumba marefu. Kwetu minara hiyo haikuwako. Gari likienda, bati la paa huiziba antena, na mti au kilima humaliza kilichobaki. Basi njiani tulisikiliza pale tulipopumzika tu, Narok na Mulot, antena tumeilaza juu ya paa la gari. Safari iliyobaki ilikuwa ya dhikri na mazungumzo, wala hatukupata hasara.

Nyumbani Longisa mambo yalikuwa mengine. Pale setilaiti iko karibu na utosi, imeinama kidogo tu upande wa magharibi. Antena ikawekwa kwenye ukuta wa baraza, na sauti ikaja kana kwamba msomaji wa habari yumo sebuleni. Mwenyeji wetu alifurahi. Alitwambia kwamba jioni za huko mvua na mawingu hulificha jua, hakuna adhana ya kusikika, na saa ya ukutani ilikuwa ikipoteza dakika. Sasa angerekebisha saa yake kwa mlio wa BBC, kisha afuate ratiba ya Ramadhani aliyotumiwa na mama yake kutoka Mombasa, iliyobandikwa mlangoni mwa jiko.

Jioni ile haikunyesha. Mlio wa saa kumi na mbili ulipita, na dakika chache baadaye wakati wa Maghribi ulioandikwa katika ratiba ukafika. Tende zikaletwa. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa akicheza barazani, akaingia akauliza, "Babu Sheikh, mbona jua bado lipo?" Tukatoka sote. Jua lilikuwa limesimama wazi juu ya vilima vya upande wa Bomet. Tuliziweka tende chini, tukangoja, na lilikuchwa baada ya robo saa hivi.

Redio haikusema uongo, na ratiba haikusema uongo. Redio ilitaja saa ya Kenya nzima kwa usahihi, na ratiba ilitaja kuchwa kwa jua la Mombasa. Lakini jua halifuati saa ya serikali. Kila digrii moja ya longitudo huwa na tofauti ya dakika 4, na Longisa iko digrii 4 na zaidi magharibi mwa Mombasa. Tofauti huwa kama robo saa, ikizidi au kupungua kwa kufuata miezi.

Mwenyeji wetu alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sheikh, siku zetu zote zilizopita zimekwenda na maji?"

Tulimjibu kwamba hapana dhambi kwa aliyedhani kwa nia njema kuwa jua limekuchwa. Jambo hilo liliwafika hata watu wa zama za Mtume (s.a.w.) katika siku ya mawingu, kama alivyosimulia Bibi Asma binti Abubakar, na habari yake imo katika Sahihi ya Bukhari. Ila kwa madhehebu yetu ya Shafi siku hizo hulipwa, na swala iliyoswaliwa kabla ya wakati wake hurudiwa. Yeye na mumewe walizilipa zote kabla ya Shaabani iliyofuata. Mwenyezi Mungu awatakabalie.

Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mwezi: je, ukionekana mji mmoja, huwalazimu watu wa mji mwingine? Kuraib alipotoka Sham na habari ya mwezi, Ibn Abbas pale Madina hakuufuata. Lakini juu ya jua hakuna khilafu: kila watu hufuturu kwa magharibi yao.

WorldSpace iliomba hifadhi ya kufilisika Oktoba 2008, na redio zile zikawa mapambo ya kabati. Mahali pake pamechukuliwa na simu na visimbuzi, ambavyo huleta adhana ya Makka au ya Mombasa hadi mkononi mwa mtu aliye Kisumu au Bomet. Hatari imeongezeka. Mama mwenye binti aliyeolewa bara, au mwana aliye chuoni huko, asimtumie ratiba ya nyumbani bila maelezo. Amwambie: ukiwa magharibi yetu, Maghribi yako huchelewa kuliko yetu, na Alfajiri yako vilevile. Kuacha kula daku mapema hakudhuru funga; lakini kuswali Alfajiri kabla haijaingia, au kufuturu jua lingalipo, kunadhuru. Ratiba na iwe ya mji anaoishi, na mbingu ikiwa wazi, atoke atazame.

Na aisikilize redio, kwa elimu na kwa habari za nyumbani, maana upweke wa ugenini ni mzito. Ila wakati wa ibada aupokee kutoka pale aliposimama. Wallahu aalam.